Jiko la Mkaa Lisilale na Watoto

Na Mganga Msaidizi wa Zahanati, Mkoa wa Songwe



Kipupwe kinapoingia katika mkoa wetu, zahanati hubadilika sura. Watu huja wamejitanda mablanketi. Watoto wanakohoa. Wazee wanalalamika viungo. Wengine huja na kichwa kilichoanza kuuma alfajiri, nao hawajui sababu yake. Leo tuzungumze juu ya jambo moja tu: jinsi ya kupata joto nyumbani bila kuwadhuru waliomo ndani.

Maoni yangu nayasema mapema. Jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata usiku mmoja. Kwanza tumpashe joto mtu. Pili tuitengeneze nyumba ihifadhi joto. Tatu moto ukae mahali pake, jikoni, penye njia ya kutoa moshi. Huo ndio mpango wa joto ambao familia ya kijijini inauweza.

BARIDI YETU NI YA KWELI

Mtu asikudanganye kwamba baridi ni maneno ya watu wavivu. Mji wa Tunduma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam analala na feni, na wewe wa Mbozi au milima ya Ileje unatafuta blanketi la pili. Mwezi wa Juni na Julai mtoto mchanga anaweza kupoa mwili akiwa kitandani kwa mama yake. Mzee mwembamba anaweza kukesha akitetemeka.

Kwa hiyo simlaumu mama anayeingiza jiko chumbani. Anafanya hivyo kwa upendo. Anataka watoto wake walale. Lakini upendo bila elimu unaweza kuleta msiba.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Mwaka wangu wa kwanza kazini, asubuhi moja ya Julai, alikuja bibi mmoja na wajukuu wawili. Wote watatu walikuwa na maumivu ya kichwa. Mtoto mmoja alikuwa ametapika. Bibi alisema miguu haina nguvu.

Nilipima malaria. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Hawakuwa na homa. Niliwapa dawa ya maumivu nikawaambia warudi nyumbani wapumzike. Sikuuliza swali moja ambalo leo naliuliza kila siku: "Jana usiku mlilala na nini chumbani?"

Walirudi nyumbani. Baridi ilikuwa kali. Usiku ule wakaingiza tena jiko, wakafunga mlango na dirisha. Asubuhi jirani aliona kuku hawajafunguliwa. Akaita, hakuna jibu. Vijana wakavunja mlango. Waliwakuta wote watatu wamelala kama watu waliokunywa dawa ya usingizi. Wakawatoa nje kwenye hewa, wakawapeleka kwenye kituo kikubwa chenye oksijeni.

Nashukuru, wote waliishi. Wajukuu walirudi shule. Lakini bibi hakurudi kama alivyokuwa. Mpaka leo anachanganya majina ya wajukuu wake. Huweka jembe mahali, akalitafuta siku nzima. Kila ninapomwona njiani ananisalimia vizuri, nami moyo unaniuma. Watu watatu wa nyumba moja, wote kichwa kinauma siku moja, hawana homa. Dalili zilikuwa mezani kwangu, nami sikuzisoma. Naandika haya ili wewe uzisome.

SUMU ISIYO NA MOSHI

Wengi husema: "Kuni zina moshi, ndiyo mbaya. Mkaa ukishakolea hauna moshi, basi hauna neno." Hapa ndipo kosa kubwa lilipo.

Mkaa unapowaka hutoa sumu ya hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho wala haikereti koo. Moshi wa kuni hukuamsha kwa kikohozi, lakini sumu hii hukubembeleza ulale.

Inaua namna gani? Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na mwili wote. Sumu ya mkaa hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria basi la abiria. Viti vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka. Oksijeni imesimama kituoni haina pa kukaa. Ubongo unakosa oksijeni, mtu analegea. Hata akizinduka na kutaka kufungua mlango, miguu inakataa.

Mama mjamzito yuko katika hatari zaidi, kwa sababu sumu humfikia na mtoto aliye tumboni. Watoto wadogo na wagonjwa wa moyo nao hudhurika upesi.

Kuna imani chache zinazotuponza. Tuziangalie moja moja.

Wengine huweka beseni la maji karibu na jiko, wakidhani maji yatavuta sumu. Maji hayaivuti.

Wengine hungoja mkaa uote majivu meupe ndipo waingize jiko ndani. Mkaa wenye majivu juu bado unawaka chini, na bado unatoa sumu.

Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Upenyo mdogo hautoshi. Na ukifungua dirisha vya kutosha kuondoa sumu, joto nalo linatoka. Basi jiko limekusaidia nini?

Wengine humpa aliyelegea maziwa. Sumu hii iliingia kwa pumzi, haikuingia kwa chakula. Maziwa hayaitoi. Na mtu asiyejitambua akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa akafa.

MBONA WAZEE WALILALA NA MOTO?

Swali hili huulizwa kila ninapozungumza mkutanoni. Ni swali zuri, linastahili jibu la heshima.

Ni kweli, wazee wetu walilala karibu na moto. Moto ule ulikuwa na kazi nyingi. Uliwapasha joto, ulikausha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu, na moshi wake uliwafukuza wadudu kwenye mapaa ya nyasi. Wajukuu walisikia hadithi hapo. Sisemi wazee walikuwa wajinga.

Lakini nyumba ile ilikuwa inapumua. Paa la nyasi lilipitisha hewa. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi. Hewa mbaya ilipata njia ya kutoka. Hata hivyo moshi haukuwaacha salama. Macho mekundu ya bibi zetu na vikohozi visivyoisha ni ushahidi.

Leo tumejenga nyumba za matofali. Tumeezeka bati. Tumepiga sakafu ya saruji na kuweka dirisha la kioo. Haya ni maendeleo, nami nayafurahia. Lakini nyumba mpya haipumui kama ile ya zamani. Tumebadilisha nyumba, hatukubadilisha desturi. Jiko lile lile ndani ya chumba kilichozibwa limekuwa mtego.

TUCHAGUE JOTO LA NAMNA GANI?

Tutazame njia zilizopo, moja baada ya nyingine.

Kwanza, gesi ya bomba. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Mwaka 2015 likaongezwa bomba la kutoka Mtwara. Ziko nyumba huko zinazopikia gesi ya bomba. Huku kwetu bomba hilo halijafika. Lile bomba la TAZAMA linalopita katika nchi yetu kwenda Ndola, Zambia, ni la mafuta, nalo lilianza kazi mwaka 1968. Tusikae tukingoja gesi kutoka humo.

Pili, gesi ya mtungi. Gesi hii ni nzuri kwa kupikia. Inaokoa macho na mapafu ya akina mama. Lakini usiigeuze kuwa moto wa kuota chumbani ukiwa umefunga mlango. Moto wowote hula oksijeni ya chumba. Hewa ikipungua, hata gesi hutoa sumu ile ile. Tena gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini. Ukisikia harufu yake, fungua milango, usiwashe kiberiti wala taa, funga mtungi, toka nje.

Tatu, umeme. Hita ya umeme haitoi moshi wala kaboni monoksaidi. Lakini tupige hesabu. Hita ya wati 1,000 hutumia uniti 1 kwa saa. Ukiiwasha saa 3 kila usiku, kwa siku 30 ni uniti 90. Bei nafuu ya umeme wa nyumbani ni ya wateja wadogo ambao hawazidi uniti 75 kwa mwezi. Hita peke yake imekwisha kukutoa huko. Tena nyaya hafifu zikibebeshwa hita hupata moto na kuunguza nyumba. Kwa wenye uwezo, na kwa wodi ya wazazi, hita inafaa. Kwa mkulima wa kawaida ni mzigo.

Nne, mkaa mbadala. Siku hizi kuna vipande vya mkaa vinavyotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama yale yanayochimbwa Kiwira wilayani Ileje. Vinasaidia kuokoa miti. Lakini sheria yake ni ile ile. Navyo hutoa kaboni monoksaidi. Visilale chumbani.

Tano, kuni. Tutaendelea kuzitumia kwa muda. Shina la mkahawa lililokatwa na magunzi ya mahindi vyote vinawaka. Lakini kuni ziwake katika jiko la matofali lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi hadi juu ya paa.

USHAURI WANGU KWA FAMILIA

1. Mpashe joto mtu. Blanketi moja chini na moja juu ni bora kuliko mawili juu, kwa sababu baridi nyingi hutoka chini. Asiye na godoro aweke mkeka, magunia safi au nyasi kavu chini ya blanketi. Soksi na kofia havigharimu sana. Katika mitumba ya Tunduma sweta za watoto hazikosekani. Zifueni kwanza.

2. Mtoto mchanga alale kwenye ngozi ya mama yake. Mvue nguo, mwachie kofia, soksi na nepi, mweke kifuani kwa mama, kisha wafunikeni wote wawili kwa kanga na blanketi. Uso wake uwe wazi apumue. Hii ndiyo njia ya kangaroo tunayofundisha kliniki kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Mwili wa mama ni joto lisilo na sumu, wala halinunuliwi. Baba naye anaweza kufanya kazi hiyo.

3. Tumia maji ya moto kitandani. Chemsha maji jikoni, yaache yapoe kidogo, yatie katika chupa imara yenye kifuniko kizuri, ifunge kwa kitambaa, iweke miguuni. Mwenye umeme ajue hivi: kuchemsha lita 2 za maji hutumia kama sehemu moja ya tano ya uniti tu. Hita kwa saa 3 hutumia uniti 3. Tazama tofauti. Lakini chupa hiyo usiigusishe kwenye ngozi ya mtoto mchanga, ya mgonjwa wa kisukari au ya mtu aliyepooza, maana anaweza kuungua bila kujua.

4. Itengeneze nyumba. Bati hupoteza joto upesi usiku. Dari, hata ya mbao za kawaida, hulizuia. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au lipu. Weka gunia au kitambaa chini ya mlango. Lakini usizibe madirisha moja kwa moja. Mchana yafungue, jua na hewa viingie, kwa sababu kifua kikuu hupenda nyumba yenye giza isiyo na hewa.

5. Jenga jiko lenye dohani. Likijengwa liguse ukuta wa sebule, matofali hupata joto wakati wa kupika, na ukuta hulitoa polepole jioni. Ukuta huo usiwe na ufa. Dohani isipite katika paa la nyasi, italiwasha. Kila mwezi safisha masizi.

6. Mkaota moto pamoja jioni, jikoni au nje, kisha mwende kulala. Moto ubaki huko. Weka kizuizi watoto wasiangukie. Nimefunga vidonda vingi vya watoto walioungua, sitaki kufunga cha mwanao.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukua kalamu. Tuseme nyumba moja huchoma madebe 2 ya mkaa kwa wiki kwa ajili ya kuota moto tu. Juni, Julai na Agosti ni wiki kama 13. Mara 2 ni madebe 26. Sasa zidisha 26 kwa bei ya debe kijijini kwako. Jibu ulilopata lilinganishe na bei ya blanketi. Je, umepata mablanketi mangapi? Mkaa umekuwa majivu. Blanketi lingekuwepo mwaka kesho na mwaka wa tatu.

Na msitu nao tuuhesabu. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za miti hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Miti mingine yote imepotea hewani.

DALILI NA MSAADA WA HARAKA

Dalili za sumu ya mkaa ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea, kuchanganyikiwa na usingizi usio wa kawaida. Watu wa chumba kimoja wakipata dalili hizi pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje, fikiria jiko kabla ya kufikiria uchawi.

Fanya hivi. Fungua mlango na madirisha. Usikae ndani muda mrefu, usije ukaanguka nawe. Mtoe mgonjwa nje. Mlaze ubavu kama anapumua lakini hajitambui. Usimpe chakula wala kinywaji. Mpeleke kituoni upesi hata kama amezinduka, na mwambie mganga: "Tulilala na jiko." Maneno hayo matatu yanaweza kuokoa maisha.

Na kwa mtoto anayekohoa kwa sababu ya baridi na moshi, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 12 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, mlete haraka. Inaweza kuwa nimonia. Vilevile mlete kama kifua kinabonyea ndani au hawezi kunyonya.

NENO KWA VIONGOZI

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mwezi wa Mei 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia.

Mimi naunga mkono. Lakini nina la kuongeza. Huku nyanda za juu moto wa kupikia ndio moto wa kuotea. Mama akipewa jiko la gesi, atapika chai kwa dakika chache, kisha nyumba itabaki baridi. Usiku atarudia mkaa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nishati safi katika mikoa ya baridi, tuzungumze pia juu ya dari, mablanketi na dohani. Mafundi wetu wajifunze kujenga majiko hayo. Mabweni ya shule yakaguliwe kabla ya Juni, yasionekane majiko ndani.

Na neno kwa akina baba. Fedha za kahawa mara nyingi ziko mikononi mwetu wanaume. Moshi wa jikoni uko machoni mwa wake zetu. Anayeshika fedha asikilize anayeshika mwiko. Mwaka huu, kabla ya kununua redio kubwa zaidi, nunua bati moja la dohani.

Mwaka 1973, kabla mimi sijazaliwa, wazee wetu walikusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma kwa vikundi, wakachimba vyoo, wakafyeka mazalia ya mbu. Hawakungoja mtu kutoka mbali aje kuwafanyia. Nasi tunaweza. Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazama chumba chako. Kama jiko liko humo, litoe. Kisha mfunike mtoto vizuri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu ni nyumba ngapi zinazolala na jiko? Tufanye nini bila kumwaibisha mtu?

2. Nani kijijini anaweza kujenga dohani, na nani yuko tayari kujifunza?

3. Wazee wanaoishi peke yao wana mablanketi? Nani atawatembelea wiki hii?